Bolijointi ya mbele ya kwadi: kuitoa ya zamani na kuiweka mpya bila kuiua

Kwadi, zile pikipiki za magurudumu manne, zinazopeleka wageni kwenye mashamba ya kahawa ya Tengeru, kandokando ya Ziwa Duluti na kwenye vijiji vya chini ya Mlima Meru huchakaa mbele kabla ya nyuma. Injini bado inanguruma vizuri na gia zinaingia, lakini ukishika hendeli unasikia ulegevu ambao mwezi jana haukuwepo, na kila ukivuka korongo dogo kuna kitu kinagonga chini ya mguu wako. Mara nyingi kitu hicho ni bolijointi, na mara nyingi kilichoiua ni kuchanika kwa mpira unaoifunika. Vumbi la kwetu lina majivu ya volkano ndani yake. Lisugue kati ya vidole, utasikia linakwaruza. Likipita kwenye ufa wa mpira na kuchanganyika na grisi linageuka msasa, na gololi inajisaga yenyewe kila gurudumu linapopanda na kushuka.

Bolijointi ni gololi ya chuma iliyofungiwa ndani ya kikombe, kama kichwa cha mfupa wa paja kilivyokaa kwenye nyonga. Kutoka kwenye gololi unatokeza mkia wenye nyuzi za nati. Kwenye kwadi nyingi kikombe kimeshindiliwa kwenye ncha ya wishiboni, yaani mkono wa chuma unaounganisha fremu na gurudumu, na mkia unaingia kwenye kile chuma kinachobeba habu, yaani kitovu cha gurudumu. Hapa nitakiita kibeba habu. Zipo ambazo kikombe kiko kwenye kibeba habu na mkia unaelekea wishiboni. Kanuni za kazi hazibadiliki. Penye wishiboni ya juu na ya chini kila upande, una bolijointi nne mbele.

Kiangazi kimoja nilisikia kugonga huko kwenye kwadi niliyokuwa naihudumia, nikasema itasubiri Jumatatu. Jumamosi gololi ya chini ikachomoka kwenye kikombe, gurudumu la kushoto likajikunja chini ya fremu. Kijana aliyekuwa akiiendesha alikuwa anavuka mfereji kwa mwendo wa kutembea, akaanguka na kuteguka kiwiko. Ingekuwa barabara ya changarawe kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, sijui ningemwambia nini mama yake. Tangu siku hiyo kwadi yenye bolijointi inayocheza haitoki getini kwangu, hata kama mgeni ameshalipa na amevaa helmeti.

Hakikisha ni yenyewe

Egesha sehemu tambarare, weka magogo nyuma ya magurudumu ya nyuma, nyanyua mbele kwa jeki, kisha laza fremu juu ya stendi mbili. Jeki peke yake usiiamini, kwa sababu utakuwa unapiga nyundo na mashine itatikisika.

Shika gurudumu juu na chini, mkono mmoja juu kabisa na mwingine chini kabisa, kisha sukuma na vuta kwa zamu. Ukisikia linacheza, usikimbilie kufungua. Mwambie msaidizi akanyage au abane breki ya mbele huku wewe ukiendelea kutikisa. Kwadi yenye breki ya diski, ulegevu ukipotea breki inapobanwa, tatizo ni beringi ya habu. Ukibaki palepale, ni bolijointi au bushi za wishiboni. Sasa weka kidole kwenye maungio kati ya bolijointi na kibeba habu wakati msaidizi anatikisa: ile iliyochoka utaisikia kwenye ncha ya kidole kabla hujaiona. Baada ya hapo shika gurudumu kulia na kushoto. Likicheza kwa upande huo pekee, tazama ncha za tairodi, vile vyuma vinavyogeuza magurudumu ukizungusha hendeli, maana watu wengi wamebadilisha bolijointi nzima kumbe ni tairodi.

Mpira uliochanika ambao gololi yake bado haijaanza kucheza nao una habari yake. Ukiuwahi mapema, kabla ya vumbi kuingia, unaweza kubadilisha mpira na grisi tu. Ukikuta grisi imekuwa kama tope jeusi lenye chembe, umechelewa.

Jua uliyonayo kabla ya kwenda dukani

Zipo za aina kadhaa, na kila moja inatoka kwa njia yake. Ya kwanza, na ndiyo nitakayoieleza kwa kirefu, imeshindiliwa kwa presi na kuzuiwa na klipu ya mduara. Nyingine zimefungwa kwa bolti mbili au tatu, hizo ni nyepesi. Nyingine zina nyuzi mwilini na huzungushwa kuingia kwenye wishiboni, hasa kwenye kwadi za mashindano. Hizo hesabu mizunguko wakati wa kuitoa na uirudishe kwa mizunguko ileile, la sivyo umebadilisha mlalo wa gurudumu. Halafu zipo wishiboni ambazo bolijointi imeumbwa pamoja nazo. Hizo unanunua wishiboni nzima, na inauma mfukoni, lakini hakuna njia nyingine ya haki.

Nasema ya haki kwa sababu mitaani ipo njia nyingine. Kuna mafundi wanaotoboa kikombe, wanamimina plastiki iliyoyeyushwa ili gololi ikaze, kisha wanaziba kwa kulehemu. Inakaza kweli, kwa majuma machache. Ile plastiki siyo bitana, ule utando wa ndani ya kikombe unaoizunguka gololi, iliyowekwa kiwandani, haina ugumu wake wala haina kipimo, na joto la kulehemu linaharibu ugumu wa chuma kinachoishika gololi isichomoke. Kwenye mlango wa ghala ningekubali. Kwenye gurudumu la mbele lililobeba binadamu sikubali.

Spea za kwadi Arusha hazipatikani kila duka. Maduka mengi ya mjini yana spea za magari, na muuzaji akikuonea huruma atakuletea ya Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo: "Kaka, hii inaingia tu, wenzako wanachukua." Usichukue kwa macho. Nenda na ile ya zamani mkononi na vanea ya kupimia. Pima kipenyo cha kikombe, urefu wa mkia, ukubwa wa nyuzi, na nafasi ya mfereji wa klipu. Kipimo kinachowaponyoka wengi ni mchongoko wa mkia. Mkia haukunyooka kama bolti. Unapungua kuelekea kwenye nyuzi, na tundu lake kwenye kibeba habu limechongwa kwa pembe hiyohiyo. Chora mistari minne ya maka peni kwenye mkia mpya kwa urefu, uingize kwenye tundu, ubane kwa mkono na uuzungushe kidogo. Ukiutoa, wino uwe umefutika kwa urefu wote. Ukifutika juu tu au chini tu, pembe hazilingani, na mkia huo utatafuna tundu mpaka ulegee au ukatike.

Usipoipata mjini, agiza Dar es Salaam au Nairobi kupitia Namanga, na utume namba ya chesisi badala ya jina la modeli peke yake, kwa kuwa kiwanda kinaweza kubadilisha bolijointi katikati ya matoleo. Agiza mbili, za pande zote. Iliyokufa kushoto ina pacha wake kulia aliyekula vumbi lilelile.

Vifaa vya kuandaa: soketi na spana za ringi, nyundo mbili za kichwa kizito, plaizi za klipu, brashi ya waya, presi ya umbo la C ile ya magari pamoja na vikombe vyake, mafuta ya kulegeza kutu, waya wa kufungia, pini mpya ya nati au nati mpya yenye nailoni, na miwani ya macho. Miwani siyo mapambo. Klipu ikiruka inaruka kuelekea usoni.

Kufungua

Jioni ya kabla ya kazi osha sehemu yote kwa brashi na sabuni, ipake mafuta ya kulegeza kutu kwenye nati na kuzunguka kikombe, uiache ilale. Usiku mmoja wa subira unakuokolea saa mbili za kupiga nyundo.

Asubuhi toa gurudumu. Fungua kalipa ya breki na uifunge juu kwa waya kwenye fremu. Isining'inie kwa mpaipu wake, maana mpaipu wa breki unaovutwa hupasuka ndani bila kuonyesha nje. Kama kwadi inavuta magurudumu manne, kumbuka kuwa ekseli ya mbele imepita ndani ya habu. Fungua nati ya habu mapema, na baadaye kibeba habu kikiachia usikiruhusu kuanguka na kuivuta ekseli, kwani jointi yake ya ndani inaweza kuchomoka.

Nyoosha pini ya nati kwa plaizi na uitoe. Legeza nati ya mkia, lakini usiitoe yote. Iache imeshika nyuzi tatu au nne. Hiyo ndiyo itakayodaka chuma kisikurukie mguuni mkia utakapoachia. Wakati mwingine nati inazunguka pamoja na mkia wenyewe. Ikitokea hivyo, weka jeki ndogo chini ya wishiboni na uinyanyue taratibu hadi uzito wa kwadi ubane mkia kwenye tundu lake, kisha jaribu tena.

Sasa kuachisha mkia, na hapa ndipo vijana wanapoharibu. Kila mmoja anatamani kupiga ncha ya mkia kutoka mbele. Ukiipiga, nyuzi zinafura kama uyoga na mkia haupiti tena. Mahali pa kupiga ni ubavuni, kwenye mwili wa kibeba habu pale mkia ulipopita. Egemeza nyundo moja nzito upande mmoja wa tundu, piga upande wa pili kwa nyundo nyingine, mapigo makavu na ya haraka. Tundu linapobanwa kidogo kwa mshtuko, mkia uliochongoka unaruka wenyewe. Mapigo matatu hadi sita yanatosha kama ulilowesha jana yake. Kibeba habu kikiwa cha alumini, weka nyundo chini utumie pula ya bolijointi, kile kifaa cha kuutoa mkia kwa kukaza bolti, maana alumini haisamehe. Ule uma wa kupigilia katikati uutumie tu kama bolijointi inakwenda kutupwa, kwa sababu unachana mpira kila mara.

Kuna kwadi ambazo mkia ni mnyofu na umebanwa na bolti inayopita ubavuni kwenye ufa. Hapo hakuna cha kuachisha kwa nyundo. Toa bolti hiyo yote, isiwe kuilegeza tu, kwa maana imepita kwenye mfereji wa mkia wenyewe. Tanua ufa kwa bisibisi pana kwa upole, mkia utatoka.

Kuitoa kwenye wishiboni

Safisha kuzunguka klipu kwa brashi ya waya hadi uone chuma kitupu, kisha itoe. Kabla hujafunga presi, tazama bega la bolijointi liko upande gani. Kikombe kina ukingo mnene upande mmoja, na kinatoka kuelekea upande wa ukingo huo tu. Nimeshaona wishiboni iliyopasuliwa kwa sababu fundi alibana upande usiofaa akadhani ni kutu.

Upande mmoja wa presi weka kikombe chake kipana kinachoikwepa bolijointi nzima na kukaa juu ya wishiboni. Upande wa pili weka kikombe chake kidogo kinachosukuma mwili wa bolijointi. Kaza polepole. Itakataa, itakataa, kisha itatoa mlio kama risasi na kuanza kusogea. Mlio huo ni wa kawaida. Ikigoma kabisa, acha presi ikiwa imebana, piga kando ya wishiboni kwa nyundo mara mbili, ngoja dakika tano, kaza tena. Vaisi nzito ya mezani yenye soketi mbili inafanya kazi hii vilevile, mradi taya zake ziwe sawa na usiipindishe.

Moto wa gesi sipendekezi. Unaweza kulegeza kutu, lakini grisi na mpira hushika moto, na wishiboni nyembamba ya bomba hupinda ikipoa.

Tundu ndilo linaloamua

Tundu likiwa wazi, lisafishe, ulitazame kwenye mwanga wa jua. Mfereji wa klipu uusafishe kwa ncha ya bisibisi hadi udongo wote utoke, kwa maana klipu iliyokaa juu ya udongo haijakaa. Tafuta nyufa kwenye maungio ya kulehemu ya wishiboni.

Kisha jaribu mpya kwa mkono, kavu. Inatakiwa ikatae. Ikiingia kwa kidole gumba, tundu limepanuka na wishiboni hiyo imekwisha. Najua utakachoambiwa: "Piga spoti mbili za kulehemu, haitoki hapo." Ni kweli haitatoka, ila joto la spoti hizo linafika kwenye bitana ndani ya kikombe na kuilainisha, na bolijointi mpya itaanza kucheza ndani ya muda mfupi. Utakuwa umelipia spea mara mbili na wishiboni bado mbovu.

Kuiweka mpya

Iweke bolijointi kwenye friza usiku kucha, ndani ya mfuko uliofungwa isipate unyevu. Chuma cha kipenyo cha milimita 35 kikitoka joto la Arusha kwenda nyuzi 18 chini ya sifuri kinapungua karibu milimita 0.02. Inaonekana si kitu, lakini kwenye kazi ya kushindilia hiyo ndiyo tofauti kati ya kuingia na kukwaruza. Wakati huohuo mwagia ncha ya wishiboni maji yanayochemka. Mjini kwetu, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, maji yanachemka kwa nyuzi 95 tu, na hayachomi rangi wala hayapindishi chuma. Futa maji yakauke kabisa kwa kitambaa, paka filamu nyembamba ya grisi tunduni, na ufanye haraka.

Sasa sheria ambayo ningeichora ukutani gereji: nguvu iende kwenye ukingo wa kikombe peke yake. Usisukume mkia. Usisukume kile kifuniko cha chini. Ukisukuma mkia, unaishindilia gololi kwenye bitana yake, na bolijointi inakufa mikononi mwako kabla haijagusa barabara. Chagua soketi ambayo mdomo wake unakalia ukingo na tumbo lake linauzunguka mkia na mpira bila kugusa. Anza kwa robo mzunguko, tazama kama imenyooka pande zote, toa na uanze upya kama imelala. Ikishalala na wewe ukaendelea kukaza, inachonga tundu, na ile wishiboni nzuri inaungana na zile mbovu.

Kaza hadi bega lifike kwenye wishiboni na usikie presi imekuwa ngumu ghafla. Weka klipu mpya. Usiridhike kwa kuiona tu. Izungushe kwa bisibisi. Iliyokaa mferejini inazunguka duara zima bila kunyanyuka. Isipozunguka, bolijointi haijafika mwisho.

Kurudisha

Futa mkia na tundu lake kwa kitambaa kikavu. Hapo usipake grisi wala mafuta, kwa sababu mchongoko unashika kwa msuguano, na ukiulainisha nati itakazwa kupita kiasi. Ingiza mkia, weka nati, kaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Kwa kwadi nyingi ni kati ya Nm 25 na 50, na kitabu cha kwadi yako ndicho chenye kauli ya mwisho. Kama tundu la pini halilingani na pengo la nati, endelea kukaza hadi pengo linalofuata. Usirudishe nyuma hata kidogo. Kunja miguu ya pini vizuri. Kama nati ni ya nailoni, ya zamani itupe.

Rudisha nati ya habu kwa kipimo chake, kalipa na gurudumu, kisha minya breki mara kadhaa kabla ya kushusha. Nimeshasahau mara moja, na kwadi ikateremka kidogo kuelekea ukutani bila breki.

Kabla ya kuishusha, geuza hendeli kutoka mwisho hadi mwisho. Isiwe na mahali inapokwama, na mpaipu wa breki usivutike wala kugusa tairi. Rudia lile jaribio la kutikisa gurudumu juu na chini. Ukiwa hukugusa tairodi, uelekeo wa magurudumu haujabadilika sana, lakini pima kwa kamba au bomba lililonyooka, mbele na nyuma ya tairi, ulinganishe na kitabu.

Toka nayo polepole kwenye uwanja, kisha njia ya mashimo ya karibu. Rudi, fungua miguu ya pini utazame nati kama imesogea, na ukunje upya. Mimi huikagua tena baada ya safari ya kwanza ndefu.

Bolijointi yenye chuchu ya grisi ipe grisi kila wiki wakati wa kiangazi, na kila baada ya kuvuka maji wakati wa masika. Piga bomba la grisi taratibu hadi mpira utune kidogo, kisha acha. Ukitaka uone inatoka pembeni utaupasua. Isiyo na chuchu haihitaji kitu zaidi ya jicho lako. Na wanaoosha kwadi jioni waambie wasielekeze mashine ya maji ya presha kwenye mipira hiyo kwa karibu, wasimame hatua mbili nyuma. Maji hayo yanasukuma tope ndani ya mpira mzima usio na tundu hata moja.